Nyasi Nilizompa Zaina

Nyinyi vijana mnaokuja Jumamosi kwenye shamba langu la Buterere, mkasimama kando ya matuta na simu zenu mkononi, mkaniambia, "Bibi, tuonyeshe ile payaji yako," nimewaonyesha mara nyingi na sijawahi kuwanyima. Nimewaambia: palilia kwanza, mwagia maji, halafu funika udongo kwa nyasi, unene wa kiganja, usifunike shingo ya mche, na magugu yatakufa kwa kukosa jua. Mnaandika, mnashukuru, mnaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilijifunza lini, na nani aliumia nilipokuwa najifunza. Sasa nitawaambia bila kuulizwa, kwa sababu mtu niliyeogopa miaka yote asije akasema, amekufa, na kufa kwake hakukunipunguzia kitu. Msitafute hapa hadithi tamu. Mkitaka tamu, nendeni mkanunue mandazi.

Mwezi uliopita alizikwa Zaina, mke wa kaka yake marehemu mume wangu. Matanga yalikuwa kwake Kinama, nyumba ya vyumba viwili, tukajipanga wanawake kwenye mikeka mpaka mlangoni. Niliketishwa mbele kwa sababu ya umri. Nikanywa chai, nikasikia wanawake wakisema juu yangu na juu yake kama vile sipo. "Hawa wawili walipendana tangu wasichana. Walilima shamba moja." Mwingine akasema, "Siku hizi utapata wapi wakaza mwana wa namna hiyo? Wa leo wanagombana hata kwa chumvi." Nikashusha kikombe changu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno nikanyamaza, na si mara ya kwanza.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi mitano. Tulikaa Buyenzi, uwanja mmoja wenye milango mitatu: mlango wa mbele wa mama mkwe, Bi Mwamini, wa katikati wa Zaina na mume wake, na wa mwisho, karibu na choo, wangu na mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa anajifunza ufundi gereji na akirudi mikono yake inanuka mafuta hata baada ya sabuni. Chumba changu kilikuwa na kitanda, sanduku, na dirisha lisilofunguka kwa sababu nje yake walirundika vyuma vya magari. Jiko lilikuwa la wote, kibanda cha bati chenye mbabura mbili za mkaa, na humo nilikaa mimi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, maana niliingia mwisho na anayeingia mwisho ndiye anayepika. Zaina alinizidi miaka minne. Akipika wali yeye, alinikwangulia ukoko, akauweka kwenye kibakuli chini ya kifuniko, akaniambia, "Mdogo wangu, chako kiko pale, kula mbele haijapoa." Nimekula ukoko wa mkono wake mwaka mzima. Nataka mjue hilo kabla sijaendelea.

Sisi watu wa Buyenzi ni watu wa uwanja. Hatukuzaliwa na jembe, tulizaliwa na duka, cherehani na spana. Mwanamke wa Buyenzi alijulikana kwa fagio. Asubuhi, chai haijachemka, anafagia uwanja mpaka udongo unabaki na mistari ya fagio kama nywele zilizochanwa, na jirani akipita anatazama mistari ile kwanza ndipo amtazame mwenye nyumba. Udongo mtupu ndio udongo safi. Jani likidondoka, limedondoka kwa aibu yako. Sasa Bi Mwamini alikuwa na shamba la mboga, nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye ukingo wa mto Ntahangwa, na shamba lile tulilitunza kwa namna ile ile. Tulilifagia. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tukimaliza kupalilia tulichukua fagio la njiti, tukafagia katikati ya mistari ya lengalenga, mchicha wetu, na bilinganya mpaka pakang'aa kama sebule, na Ijumaa asubuhi Bi Mwamini alikuja na fimbo yake kukagua, akitafuta jani kama anavyotafuta chawa.

Mwanzo wa mvua ya Septemba alituita chumbani kwake. Alikaa kitandani, sisi chini kwenye mkeka, sahani ya tende katikati ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Akasema miguu yake imechoka, hawezi tena kwenda kukaa kwenye meza yake ya soko la Jabe. "Meza ni moja, na shamba ni moja, na mi sigawi kitu kidogo kikawa vipande. Tutakata shamba nusu kwa nusu kwa mwaka moja tu. Zaina juu, wewe chini. Mvua ya mwaka mwingine ikikuja, nitaangalia. Mwenye shamba safi na mboga nzuri anachukua yote, shamba na meza. Mwingine atapika." Zaina akasema, "Sawa, mama." Nami nikasema sawa, lakini nilikuwa nimeshaanza kumtazama Zaina kwa jicho jingine. Nyinyi mnaweza kuona meza ni mbao nne na kipande cha hema. Kwetu aliyekuwa na meza alitoka nyumbani asubuhi, alijua habari za mji, alirudi na neno lake, na mume wake alimsikiliza. Asiye na meza aliomba hata hela ya sabuni. Siwezi kumsamehe Bi Mwamini kwa kutuweka wawili mbele ya sahani moja namna ile. Lakini yeye aliweka sahani tu. Mkono ulikuwa wangu.

Miezi mitatu ya kwanza magugu yalitushinda sote wawili. Zaidi ndago. Ndago ukiikata kwa jembe unaona umeimaliza, kumbe chini imeacha kijitunguu chake, na baada ya siku tano inatoa vidole vitatu pale ulipokata kimoja. Tulipalilia, tukafagia, mvua ikapiga udongo mtupu, ukawa mgumu kama sakafu, magugu yakatoka, tukapalilia tena. Vidole vyangu vilipasuka. Zaina alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Mariamu, na akiinama mtoto analia, akiinuka magugu yanamcheka.

Jirani yetu wa shamba alikuwa mzee mmoja kutoka milimani, Mkristo, Barnabé. Alilima kabichi na vitunguu, na shamba lake lilikuwa limefunikwa nyasi kavu kote, sisi tukasema ni uzee, ameshindwa kufagia. Siku moja mwezi wa kumi na mbili alisimama kwenye mpaka wetu akanitazama nikifagia, akaniita mwanangu kwa lugha yake.

"Mwana wanje, iyo ni kanisa unafagia?"

"Nafagia shamba, mzee."

"Na udongo ulikuambia uko na mavumbi?"

Akachuchumaa kwake, akafunua nyasi kwa mkono mmoja, akaniita nitazame. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, baridi, na minyoo inatembea, na magugu yaliyojaribu kuota yalikuwa meupe kama nyuzi, yamelala. Akaniambia wao wanaita kusasira, kama vile unavyomtandikia mtu nyasi alale. Ujanani walilazimishwa kusasira kahawa. "Mukubwa alikuja na fimbo kupima kama nyasi imefika kwa kipimo. Isipofika, unapigwa. Mi nilichukia ile kazi sana. Nilipofika huku kwa mboga yangu mwenyewe, hakuna mutu wa kunipiga, nikaona nafanya tu. Kumbe fimbo ilikuwa mbaya, kazi ilikuwa nzuri." Akanionyesha kung'oa ndago na kijitunguu chake kwanza, kumwagia maji, kufunika, kuacha nafasi kwenye shingo ya mche ili usioze. Na mwisho akashika shina moja la nyasi za mtoni, changa, laini, akanitikisia mbele ya macho. "Kata nyasi ikiwa bado binti. Ikishazaa, achana nayo. Ukileta nyasi iko na mbegu, umepanda magugu kwa mikono yako, na hutaona kitu mpaka mvua. Umesikia?"

Nilisikia. Nimekaa na neno lile miaka zaidi ya arobaini, siwezi kusema sikusikia.

Nikafunika nusu yangu. Nilikata nyasi changa siku sita, nikazikausha, nikazitandaza. Ijumaa Bi Mwamini akafika, akasimama, akaingiza fimbo chini ya nyasi akainua, kama mtu anayefunua nguo ya mwenzake.

"Hii nini?"

"Nimefunika, mama."

"Umefunika nini?"

"Udongo."

"Udongo uko na haya gani mpaka uuvalishe nguo?" Akamgeukia Zaina. "Unaona? Mwanamuke mvivu akishindwa kufagia anatandika mkeka juu ya takataka." Wanawake wa mashamba mengine wakacheka, na tangu siku ile nikaitwa Mama Nyasi. Nikipita kwenda bombani watoto wanaimba, "Mama Nyasi, tuletee ng'ombe." Mume wangu alisikia gereji akaniuliza kwa nini namtia aibu. Zaina peke yake hakucheka. Alifagia nusu yake ikang'aa, Bi Mwamini akamsifu, na siku za kiu zilipokuja tukaona.

Nasema kiu kwa sababu Februari mvua ilikata wiki tatu. Nusu ya juu, iliyofagiwa, ikapasuka, lengalenga ya Zaina ikatoa maua ikiwa fupi kama kidole, ikawa chungu. Yangu ilinifika magotini. Nilimwagia maji mara moja pale alipomwagia mara tatu, na magugu niliyong'oa wiki nzima yalijaa kofia tu. Jioni moja nilipika lengalenga yangu na ndagala na mawese, ugali wa muhogo, nikampelekea Bi Mwamini chumbani. Alikula sahani mbili, akaramba vidole, akanirudishia sahani. Nikasubiri mlangoni kidogo. Akasema, "Chumvi ilizidi."

Hata hivyo nilikuwa na hakika. Nilihesabu moyoni: bilinganya zangu ni nzuri zaidi, macho anayo, ataona tu. Mpaka siku moja mwezi wa tano, mchana, nimekaa nyuma ya chumba chake nachambua mchele kwenye ungo. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, na dirisha lake lilikuwa juu ya kichwa changu. Alikuwa na shoga yake mmoja aliyekuja kumsalimia, na wakaongea kama watu wazima wanavyoongea wakidhani vijana wako mbali.

"Na meza utamupa nani?"

"Zaina. Nilishaamua."

"Lakini wanasema mboga ya yule mdogo ndiyo nzuri."

"Analima, sikatai. Lakini Zaina ni mutu safi. Ukienda kwake unaona udongo, unaona kila kitu. Yule mwingine sijui anaweka nini chini. Mutu anayefunika udongo anaweza kufunika na mambo mengine."

Mchele ulikuwa mkononi. Niliendelea kuuchambua, nikatoa mawe na mchele mzima pamoja nikatupa. Leo, mzee kama nilivyo, nasema mama mkwe aliniona vizuri kabla mimi mwenyewe sijajiona. Siku ile sikuona hivyo. Niliona kwamba nimefanya kazi bure, nimechekwa bure, na kwamba mtu mwingine atapewa meza kwa sababu ya mistari ya fagio.

Kesho yake Zaina akanifuata jikoni. Nakumbuka alikuwa anamnyonyesha Mariamu amesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na nimekalia mimi. Akasema, "Mdogo wangu, nifundishe ile kufunika. Mama atasema, aseme. Mi mikono yangu imekwisha." Akanionyesha viganja, na kweli vilikuwa kama ganda la ndizi iliyoiva. "Nilikuwa naogopa kukuuliza, nisionekane nakuiga."

Ningeweza kukataa, ingekuwa uchoyo tu, uchoyo mtu anatubia. Ningeweza kumfundisha vizuri, na pengine angepata meza na mimi ningepika, na leo ningekuwa mtu mwingine. Nikamwambia, "Dada, uko na mtoto mgongoni, utakata nyasi saa ngapi? Mi nitakukatia."

Akasema, "Mungu akupe."

Mwezi wa tano mwishoni nyasi za mtoni zimeshazaa. Kila shina lina kichwa cha kahawia, ukikigusa kinamwaga. Nilienda mwenyewe na mundu, siku tatu. Mbegu zilinidondokea mikononi, zikaingia shingoni kwenye kanga, nikazipangusa. Na hili sijawahi kumwambia mtu: mafungu yale niliyabeba polepole. Mtu anayebeba nyasi huwa anazitupa kichwani, anazitupa chini, hajali. Mimi niliyabeba kama mtu aliyebeba mayai, ili vichwa visimwagike njiani. Nikachimba na vipande vya mizizi ya urwiri, lile jani linalotambaa ambalo ukilikata mara moja linaota mara mbili, nikavichanganya katikati ya mafungu. Tukatandaza pamoja, mimi na Zaina. Alikuwa anacheka, alimlaza Mariamu juu ya fungu moja akalala usingizi. Nilipolihitaji fungu lile, nilimnyanyua mtoto mwenyewe, nikamtoa mbegu kwenye nywele.

Barnabé alipita siku ile ile. Alisimama, akaokota kichwa kimoja cha nyasi, akakisugua kati ya vidole, akapuliza, akatazama kilichobaki kiganjani. Halafu akanitazama mimi. Zaina alikuwa anatandaza upande wa pili, mgongo wake kwetu. Nilingoja aseme. Angesema neno moja tu, kazi ingerudi nyuma. Lakini sisi tulikuwa watoto wa watu wengine, na yeye alikuwa mgeni kwenye mto wetu, akaondoka. Tangu siku ile hakuniita tena mwana wanje. Alinisalimia "Mwaramutse," kama unavyomsalimia mtu wa ofisini, mpaka alipohamia kwa mwanawe.

Kiangazi chote nusu ya juu ilipendeza. Mbegu hazina maji, zimelala. Zaina alimwagia kidogo kidogo kwenye shina tu, bilinganya zake zikanenepa, na mikono yake ikapona. Na Bi Mwamini, ambaye aliniita mvivu mbele ya watu, alikuja Ijumaa moja akainua nyasi za Zaina kwa fimbo, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe hii nyasi yenu iko na maana." Yenu. Ikawa akili kwa sababu amefanya Zaina. Nilipomsikia hivyo nikafurahi kwamba nilizibeba polepole. Nawaambia ili mnijue.

Mvua ya Septemba ilikuja mapema, kubwa, siku nne. Siku ya tano tulikwenda shambani sote wawili. Nusu yangu ilikuwa kama tulivyoiacha. Nusu ya Zaina ilikuwa ya kijani, si kijani cha mboga. Nyasi zilikuwa zimetoka juu ya nyasi, nyembamba, nyingi, kama nywele za mtoto, huoni udongo wala tuta. Zaina akasema polepole, "Nini hii." Akapiga magoti akaanza kung'oa. Akang'oa siku ile na kesho yake na wiki ile yote, na kila alipong'oa palitoka nyingine, na urwiri ukaanza kutambaa chini kwa chini ukashika mizizi ya bilinganya. Alikuja na Mariamu, akamweka kwenye beseni tupu asitambae. Mimi nilimsaidia. Ndiyo, nilimsaidia. Nilikaa kando yake nikang'oa nilichopanda, nikampa pole.

Ijumaa ya tatu Bi Mwamini akaja na fimbo.

"Zaina. Ni wewe?"

"Ni mi, mama."

"Hiki ni kichwa cha mutu asiyenyoa." Akaingiza fimbo, akainua bonge la nyasi lenye mizizi. "Hii nyasi nani alikupa?"

Zaina alikuwa amepiga magoti, mikono kwenye tope. Akainua uso akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili ili ahakikishe. Nilikuwa na ulimi mdomoni. Bi Mwamini alikuwa anangoja, na mtoto kwenye beseni alikuwa anapiga beseni kwa kiganja.

"Nilikata mwenyewe, mama," Zaina akasema. "Sikujua."

"Haya. Utapika." Akanigeukia mimi. "Na wewe usifikiri nakupa kwa sababu nakupenda. Meza ni yako, kwa sababu shamba limesema."

Shamba halikusema kitu. Wanawake watatu tulikuwa pale, na aliyesema uongo ni yule pekee aliyekuwa hana kosa. Kwa nini alisema vile, sijui mpaka leo. Waume zetu walikuwa ndugu wa tumbo moja, pengine alifikiria hilo. Pengine alinihurumia. Nimejaribu sababu zote mbili, na hakuna inayonikaa vizuri. Jumatatu nilikwenda Jabe na kapu langu, nikakaa kwenye meza, na jioni niliporudi nilikuta kibakuli kimefunikwa, ukoko ndani yake. Nikala.

Basi meza ile ndiyo iliyowalea wanangu. Ndiyo iliyonipa sauti, na mnavyonijua, sauti ninayo. Zaina alipika miaka saba katika uwanja ule, halafu mume wake akafa, akahamia Kinama, akalimia watu, akauza mboga kwa beseni kichwani mtaa kwa mtaa, anafukuzwa huku, anakimbilia kule. Mariamu naye alipokua akachukua beseni. Mara nyingine walipita mbele ya meza yangu, Mariamu akaniamkia, "Shikamoo mama mdogo," nami nikawapa nyanya zilizolainika. Shamba lenyewe halipo. Ntahangwa imeendelea kula kingo zake kila masika, ikala nusu ya Zaina kwanza, halafu yangu, na pale tulipofagia sasa ni korongo na takataka.

Siku ya nne baada ya matanga nilirudi Kinama kumsaidia Mariamu kufua. Nyuma ya nyumba ana kipande cha mboga, hakifiki hata ukubwa wa chumba. Nilimkuta ameleta fungu la nyasi, ametandika mkeka mzee chini, anashika nyasi mkono kwa mkono anazitikisa juu ya mkeka, anatazama mkekani, ndipo anazipeleka kwenye tuta. Sijawahi kuona mtu akifanya vile, wala mimi sifanyi. Nikamuuliza.

"Ni mama alinifundisha," akasema. "Alisema nyasi usitandaze mpaka uitikise juu ya mkeka uone kama iko na mbegu. Hata kama anayekupa ni ndugu yako mnakula sahani moja."

"Alisema kwa nini?"

"Nilimuuliza, mama mdogo. Akaniambia, we tikisa tu."

Akaendelea kutikisa. Nilisimama pale na ndoo ya nguo. Kwa hiyo alijua. Hakukisia, alijua, na aligeuza jambo langu likawa kazi ya mikono, akamfundisha mwanawe bila jina langu. Nilitaka kumwambia Mariamu pale pale. Nikafungua mdomo, nikasema maji yamepoa, tufue. Ndiyo maana naandika, kwa sababu mdomo wangu naujua sasa, haufai kwa jambo hili. Mariamu atasomewa haya pamoja na nyinyi, na atakachoniambia nitakisikiliza nikiwa nimesimama.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikawaita wote barazani, hata waliokuwa wanakula. Mkaza mwanangu Hawa ndiye anayekaa kwenye meza siku hizi, miaka tisa sasa. Nikamwambia, "Kesho utoe vitu vyako kwenye meza ya Jabe. Utapangusa mbao, utaacha mizani. Tangu Jumatatu anakaa Mariamu wa Zaina."

Hawa akaweka kijiko chini. "Mama, anakaa siku ngapi?"

"Anakaa. Meza ni yake."

"Na sisi mboga yetu tutauzia wapi?"

"Beseni liko jikoni. Utalibeba wewe asubuhi na mimi jioni."

Mwanangu akafungua mdomo, nikamtazama akaufunga. Mjukuu wangu Aisha akauliza kama kesho ataendelea kufunika tuta la karoti, nyasi zimeshakauka.

Nikamwambia, "Endelea. Lakini toa mkeka wa stoo, utandike chini, na nyasi zote uzitikise kwanza, mkono kwa mkono, utazame. Hata hizi nilizokata mimi."